Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vitu vya hospitali vitoke kwenye begi la mama mjamzito

Mheshimiwa Waziri, salaam nyingi kutoka huku bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Mi ni mama wa dukani, duka langu dogo linatazamana na geti la kituo cha afya, huu mwaka wa tisa, nauza khanga, mabeseni, sabuni, pedi na vile vifaa vya kujifungulia ambavyo akinamama wakishaandikiwa kliniki wanavuka barabara kuja kununua kwangu. Kituo sikitaji na manesi wake siwataji maana nawajua, kuna usiku unakuta nesi mmoja ana wajawazito wanne na ndo yeye anaepokea, anaezalisha na anaefuta sakafu, kwahiyo naomba barua hii isije ikageuka fimbo ya kuwachapia wao.

Nakuandikia kuhusu begi la kwendea leba.

Anakuja binti wa miaka 19 hivi, tumbo la miezi nane, kashika kikaratasi kimechanwa kwenye daftari kimeandikwa kwa peni: glovu pea tano, pamba rola moja, mpira mita mbili, nyembe mbili, vibanio vya kitovu, mabomba ya sindano, dripu, sindano ya kuzuia damu, beseni, ndoo, khanga doti tatu, pedi, nguo za mtoto. Wiki inayofuata anakuja mwingine katoka kliniki ile ile, chake kinasema glovu pea nane na dripu haimo kabisa. Wa zahanati ya kijiji cha ng'ambo ya mto yeye kaambiwa boksi zima la glovu. Nimekuwa navihifadhi hivi vikaratasi kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo limejaa na nikivipanga mezani sioni viwili vinavyofanana, alafu hakuna hata kimoja chenye mhuri wala jina la ofisi, ni mwandiko tu, sasa mama akiuliza nani kasema nilete dripu anaonekana mjuaji.

Kwa bei zangu, ukiacha dawa ambazo mi siuzi na ukiacha nguo za mtoto, mama anatoka hapa kaacha kama elfu 50, ikizidi ni kwa ajili ya khanga. Huku kwetu hiyo ni hela ya vibarua vya kupalilia mpunga siku nyingi mtu kainama, na mwenye mimba ya miezi nane hawezi kuinama. Na Sera ya Afya ya mwaka 2007 imesema wazi kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipii matibabu kwenye vituo vya serikali, na ukutani pale kituoni tangazo lipo, huduma ya mama na mtoto ni bure, wanalisoma wakiwa wamekaa kwenye benchi na kikaratasi kiko mkononi.

Mheshimiwa mi sio mtu wa kubeza kilichofanyika, nimekaa hapa getini nimeona. Ule utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukaonyesha 104, na wanaojifungulia kwenye vituo wakatoka asilimia 63 wakafika 81. Mi sihitaji kusomewa takwimu kuamini, zamani walikuwa wanaletwa kwa baiskeli wamefungwa na kitenge wasidondoke, siku hizi unapiga 115 ya m-mama bure gari linamfuata mgonjwa, nimewahi kuipiga mwenyewe usiku mvua inanyesha na gari likaja. Mungu awabariki waliofikiria lile.

Lakini 81 maana yake karibu wawili kati ya kumi bado wanajifungulia kwengine, na mi baadhi yao nawajua kwa sura. Msimu wa mpunga familia nyingi huku zinahamia shamba, mnaweka kibanda mnakaa huko miezi mnalinda ndege na nguruwe. Kuna mama mmoja, mimba yake ya tatu, mume wake alimwambia tuvumilie tukivuna tunauza gunia mbili tunakununulia vifaa vyako, uchungu ukaja mpunga bado haujakauka. Namba ya 115 alikuwa anaijua, simu ilikuwa na chaji. Akaniambia mwenyewe hapa dukani baada ya miezi miwili, mama nitaenda na nini, nikasemwe mbele ya watu kwamba mtoto wa tatu na bado sijajiandaa? Akajifungulia kwenye kibanda, alivuja damu mpaka akazimia wakamwagia maji, alipona kwa rehema za Mungu na mtoto mzima. Nilimwangalia yule mama nikashindwa hata kumjibu maana mi ndo nilikuwa nimekaa na zile glovu kwenye shelfu muda wote ule.

Ombi langu ni moja, begi hili ligawanywe. Kuna vitu vya mama na kuna vitu vya hospitali na tumevichanganya miaka mingi mpaka tunaona ni kawaida.

Vya mama hakuna anaelalamika kuvibeba. Khanga, na hapa nawaambia kila siku leteni zile kuukuu zilizofuliwa mara nyingi zikawa laini, zipigwe pasi, mpya ina wanga na hainyonyi maji, moja ya kumkaushia mtoto akitoka tu, nyingine ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, maana mtoto akipoa dakika zile za mwanzo ni hatari hata kama nje ni joto la huku kwetu. Kofia, soksi, pedi zile kubwa, chupi za kubadilisha, kandambili, sabuni, mswaki, chupa ya chai, kikombe, chaja ya simu, kadi ya kliniki ikae juu kabisa sio chini ya nguo. Na hela kidogo ya uji. Haya mwanamke atayakusanya kidogo kidogo hata kama ni masikini, atapewa na dada zake na wifi zake, ni furaha pia, mi nawaona wanavyokunjua zile nguo ndogo wanazipimia mkononi.

Sasa njoo vya hospitali. Hiyo sindano ya kuzuia damu, oksitosini, inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8. Mama anaambiwa ainunue mapema asije akakosa siku ya siku, anainunua duka la dawa anaitia kwenye begi katikati ya khanga, begi linakaa wiki tatu ndani ya nyumba ya bati. Mheshimiwa unalijua joto la Ifakara mwezi wa pili mchana? Siku ya kujifungua nesi anaitoa kwenye begi anamchoma akiamini kamchoma dawa na mama nae anaamini kachomwa dawa, na damu haijui hayo. Mimi sio mtaalamu, mdogo wangu ndo mkunga mkoa mwingine, niliposimulia habari hii kwenye simu alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

Ndo yeye tena kanieleza habari ya mpira. Huo mpira wa mita mbili ninaouza ni wa kutandika tu, damu ikitoka inatiririka pembeni au inanyonywa na khanga, alafu mkunga anakadiria kwa macho imetoka kiasi gani na macho yanadanganya hasa usiku kwa tochi ya simu. Kumbe upo wa kisasa wa plastiki una mfuko chini wenye vipimo, damu inaingia mle unasoma namba, na ulifanyika utafiti kwenye hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania, majibu yakatoka 2023, walipoutumia ule mfuko pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo bila kungojana, hali mbaya za kuvuja damu zilipungua kwa asilimia 60. Wanawake wa Tanzania wamo kwenye utafiti ule. Sasa mi nauza mita mbili za mpira wa kahawia, na hata leo nimeuza.

Glovu nazo. Zamani nilikuwa nafungua boksi nauza pea pea nazifunga kwenye gazeti, ndo wateja walivyotaka maana boksi hawaliwezi, mpaka siku mdogo wangu alipokuja likizo akaona, akaniambia dada hizi zikishapita kwenye gazeti na mikono yako ni za kuoshea vyombo sio za kuingiza kwa mzazi. Nilihuzunika sana, nilikuwa nimeuza hivyo miaka mitatu. Siku hizi nauza zile zilizofungwa kila pea na pakiti yake lakini maduka mengine bado wanafungua boksi, wala sio ubaya, hawajaambiwa.

Na saa nane za usiku mwanaume anagonga dirisha langu la nyuma anatweta, mama nipe glovu wamesema zimeisha, mkewe yuko kitandani mtoto anakuja, nampa na silipwi na sidai. Ila siku nikiwa nimesafiri anagonga wapi?

Watu mjini wanasema wanawake wa vijijini hawajiandai. Wizara ijue kwamba kuna familia huku mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa, wazee wanasema ni kumwitia mabaya. Kwahiyo wanajiandaa kwa siri, wananunua kidogo kidogo wananiachia mimi, naweka mabegi yao chini ya kaunta, kila moja nimelifungia utepe wa rangi yake maana jina nalo hawataki liandikwe.

Ninachokuomba, itoke karatasi moja ya Wizara yenye mhuri, nchi nzima ile ile, ibanwe ndani ya kadi ya kliniki, iseme hivi analeta mama, hivi anavikuta kituoni, na chini yake kwa herufi kubwa: UKISHIKWA NA UCHUNGU HUNA HATA KIMOJA NJOO HIVYO HIVYO. Alafu vile vya kituoni vihesabiwe kwa idadi ya wajawazito walioandikishwa, mbona wanajulikana, mama anaanza kliniki mimba ina miezi mitatu minne, serikali ina miezi mitano ya kujua kwamba mwezi fulani hapa watajifungua wangapi, Bohari ya Dawa ilete kwa hesabu hiyo. Na vikiisha kabla ya muda kituo kiseme kwa kamati yake na kwa mganga mkuu wa wilaya, upungufu usiandikwe kwenye kikaratasi cha mama.

Nitapoteza biashara, nalijua hilo, vifaa ni karibu nusu ya mauzo yangu. Nitauza khanga.

Leo ninayo mabegi sita chini ya kaunta. Lenye utepe wa kijani ni la yule binti wa miaka 19, amebakiza wiki mbili na kwenye karatasi yake bado hajanunua sindano wala dripu, nimemwambia asinunue sindano, aje tu, na jana jioni nimeenda kumwomba nesi wa zamu amwekee moja kwenye friji. Kanikubalia. Ana moja.