Fungueni holda kabla ya kulaumu gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba magari ya zamani yaondolewe barabara ya Uyole kwenda Tukuyu kwa kuwa hayana taa. Mimi ni mmoja wa tunaosemwa. Nina Landrova ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Ndiyo inayoshusha viazi vyangu kutoka Isyonje hadi sokoni Uyole. Taa inazo, ila ilikosa mtu wa kuzifungua hadi kwenye holda, kile kikombe kinachoshika balbu.

Machi nilikuwa nashuka alfajiri, ukungu wa kwetu umelala barabarani, boneti yenyewe naiona nusu. Nikasikia honi nyuma, kisha tairi zikalia. Dereva wa Fuso akashuka, nikajua leo nitatukanwa. Hakunitukana. Alimwita utingo wake akanyage breki ya gari langu, akanisogeza nyuma, akaniuliza, "Mama, hii nayo ni taa?" Ilikuwa kama kaa linalozimika. Utingo alipowasha indiketa ya kulia, ile nyekundu ya upande huo nayo ikawa inafifia na kurudi, zinapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshanunua balbu nne. Fundi wa kwanza aliweka balbu akachukua hela yake. Wa pili aliweka balbu na fyuzi kubwa zaidi, eti umeme ulikuwa haupiti vizuri. Wa tatu akanishauri niikate taa yote nifunge ya trela. Hakuna hata mmoja aliyetoa mita ya kupimia umeme mfukoni.

Aliyenitibia gari ni mzee mmoja wa Mwanjelwa anayefanyia kazi chini ya mwembe, meza yake ni tangi la mafuta lililolazwa. Alipima waya balbu ikiwa imetolewa: volti 12.4. Akarudisha balbu, akaiwasha, akapima tena hapohapo kwenye balbu: 8.9. Akaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya holda na nyingine kwenye hasi ya betri, taa ikiwa inawaka. Volti tatu! Pale, kwa maelezo yake, ilitakiwa isome karibu na sifuri. Akanieleza kwamba umeme unafika vizuri, unakwama wakati wa kurudi. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, chesisi, yaani fremu ya chini, ni chuma, na vikikutana na maji ya mvua zetu aluminiamu inaliwa pole pole na kugeuka unga mweupe. Taa nyekundu na indiketa yake zinatumia waya mmoja wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri. Waya huo ukioza, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa ya jirani, ndiyo maana zilikuwa zinapokezana.

Alichomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Ndani ya holda ya kulia kulikuwa na ukoga wa kijani, na springi imelegea. Aliviringisha msasa laini kwenye kijiti, akasugua kuta na vile vitako viwili vya chini vinavyogusa balbu, akapulizia dawa ya kusafishia swichi, akaivuta springi mpaka ikaanza kuisukuma balbu tena. Hiyo ilipona. Ya kushoto ilikuwa imeliwa mpaka mfereji unaoshika pini ya balbu umemeguka, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Balbu ile ina nyuzi mbili, ya wati 5 ya kutembelea usiku na ya wati 21 ya breki. Pini zake haziko usawa makusudi, ili isiingie kinyume. Fundi fulani kabla yake alikuwa ameikwangua pini moja kwa tupa akaisukumiza kinyumenyume. Kwa hiyo upande wa kushoto nilikuwa natembea usiku kwa uzi wa breki, na nikikanyaga breki unaongezeka ule mdogo tu. Gari la nyuma lingejuaje kwamba ninasimama?

Holda nyingine tuliipata kwa wauza vyuma chakavu. Alihakikisha ina vitako viwili na mifereji isiyo sawa, akalehemu waya, hakuzisokota na kuzifunga kwa plasta kama nilivyozoea kuona. Kila upande akavuta waya mpya wa ethi moja kwa moja hadi kwenye chesisi, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa bolti na kupaka vaselini juu. Fyuzi kubwa akaitupa, kwa sababu fyuzi ipo ikatike yenyewe kabla waya hazijaungua. Gharama yote haikufika bei ya zile balbu nne.

Kijana wangu anasema ningeweka tu za LED. Zinakula umeme kidogo, kweli zingewaka hata kwenye holda mbovu, na kutu ingeendelea kula kimya kimya nyuma yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, uliyoyaona mimi nayakubali, lakini ugonjwa haukuwa umri wa gari. Na mafundi wangu wa Uyole, msiuze balbu ya pili kwa mtu yuleyule kabla hamjapima ethi. Trafiki nao, wakitukagua saa saba mchana juani, wawe wanaikinga taa na jua kwa kiganja ndipo waseme inawaka au haiwaki.

Kilichobaki ni raba ya chini ya kioo cha taa ya kushoto. Sijaipata Mwanjelwa wala Kabwe. Kwa sasa nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, na kila mvua ikipita nakifungua kioo kuangalia kama kuna maji.

Mama Landrova,
Isyonje, Mbeya