Shemeji, paneli ibaki chini

Shemeji,

Dada kaniambia safari hii pia unataka paneli ya sola ibandikwe juu ya bawa la ndege ya mtoto ya mashindano ya sayansi. Soma kwanza hadi mwisho, ukitaka kununa utanuna baadaye.

Ile paneli ya volti 5 uliyoinunua Kariakoo ina ubao wa saketi chini na gundi ngumu juu. Iweke kwenye mizani. Ndege yote ya mtoto haitakiwi kuzidi gramu 20, na paneli hiyo peke yake inakaribia kuumaliza uzito wote. Ndiyo maana nilikataa. Haukuwa ubahili, kama ulivyowatangazia watu kwenye arobaini ya mama. Unanitajia Solar Impulse 2, ndege ya umeme wa jua iliyozunguka dunia mwaka 2015 hadi 2016. Ile ilikuwa na seli 17,248 na mabawa ya mita 72, si kipande kimoja cha kuchajia tochi.

Paneli ikae mezani, iwe ya kuchajia. Unganisha seli nne za volti 0.5 mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, kila moja ya miliampia (mA) 100. Ndege ibebe superkapasita moja tu, kifaa kidogo cha kutunza umeme kwa muda mfupi, ya faradi 10, volti 2.7, ina gramu 3 hivi. Usiongeze seli zikawa sita. Seli isiyotumiwa na kifaa chochote hupanda hadi karibu volti 0.6, kwa hiyo nne zinaishia 2.4 na kapasita iko salama. Sita zitafika 3.6 na kuiharibu. Jua la saa sita litaijaza kwa dakika nne au tano. Mota ndogo ya droni ya kuchezea, ile ya kipenyo cha milimita 6, itazunguka sekunde 20 hadi 30. Zinatosha kabisa kuvuka uwanja wa shule.

Bawa liwe la foamu ya sahani za chakula, sentimita 40 kwa 8. Supaglu inayeyusha foamu, tumia gundi nyeupe. Ndege ikishikwa kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 2.5 kutoka ukingo wa mbele, ilale sawa. Ikiinua pua halafu ikaanguka, kapasita isogezwe mbele. Ikichimba chini, irudi nyuma. Propela ikivuma bila kuvuta, geuza waya za mota. Seli zisizo na kifuniko huvunjika kama biskuti, hivyo chuma cha kulehemu kisikae juu yake zaidi ya sekunde mbili.

Lakini kuruka siyo kunakoleta alama. Jaji atauliza mtoto amepima nini. Aelekeze paneli juani sawasawa, kisha ailaze nyuzi 30, kisha 60, kila mara asome mkondo kwa multimita, kile kipima umeme, mara tatu tatu, ndani ya saa ileile. Kwenye nyuzi 60 utakuwa karibu nusu. Halafu afunike seli moja kwa kadi aone mkondo wa zote unavyoporomoka, maana zimepangwa mfululizo na mkondo uleule hupita kwenye kila moja.

Hilo la mwisho analijua, shemeji. Alilijua hata mwaka jana. Jaji aliinama akamuuliza kwa nini propela imesimama, na kivuli cha nguzo ya turubai kilikuwa kimeangukia seli moja. Mtoto alishanyoosha kidole kukionyesha. Ukamkata kauli ukasema betri imeisha. Ndege haikuwa na betri! Yule mtoto alirudisha mkono mfukoni, na jaji akaandika alichoandika.

Najua ulitaka kumsaidia. Hakuna baba anayeamka alfajiri kubeba meza kwa bodaboda kama hampendi mwanawe, na hilo nimelisema mbele ya dada zaidi ya mara moja, hata kama halikukufikia.

Seli nitampa dada Jumamosi, nimeweka na za akiba kwa sababu zitavunjika. Uso wa bluu ni hasi, mgongo ni chanya. Usimwambie, mpe multimita apime mwenyewe.