Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chokaa na Kuta za Husuni Kubwa

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye chokaa, nanyi mna haki ya kujua kwa nini.

Mnaukumbuka ule ukuta wa Husuni Kubwa, jumba la kale la Sultani hapa Kilwa Kisiwani, upande wa baharini, uliozibwa kwa saruji miaka ya nyuma. Masika ilipokwisha tulikwenda kuukagua pamoja na wahifadhi. Saruji ilikuwa nzima. Mawe ya matumbawe yaliyoizunguka ndiyo yaliyokuwa yakimomonyoka: ukiyagusa, unga mweupe unabaki kidoleni, na ukiuonja una chumvi. Saruji haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyoingia ukutani hutokea kwenye jiwe, na chumvi inabaki humo ikilitafuna. Niliumia sana siku ile. Ukuta huo ni wa enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14.

Basi tukawasha tanuri kama walivyofanya wazee, tupate chokaa ya kutumia badala ya saruji. Matumbawe yakachomwa juu ya magogo, yakamwagiwa maji, chokaa ikafukiwa shimoni ili iive. Fundi wetu mkubwa hakubali kuharakishwa. Huchota kwa mwiko, akaugeuza chini juu. Chokaa ikidondoka, husema “bado” na kuondoka zake. Baadhi yenu mlilalamika kwamba kazi inakwenda polepole. Mimi nasimama naye.

Kwenye mkutano uliopita lilitolewa pia wazo la kuezeka upya kumbi ili watalii waone jumba zima. Nalipinga. Jumba lile lina vyumba zaidi ya 100, na paa zake karibu zote zilianguka zamani. Tukijenga kwa kukisia, mgeni ataona kazi yetu badala ya kazi ya Sultani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014. Miaka kumi ya jasho hiyo. Tushike kilichosimama.

Kwa wageni tumefyeka njia ya kwenda kwenye bwawa la pembe nane, mahali ambapo kila mtu husimama kimya kidogo. Vijana wetu waongozaji wanajifunza vizuri. Nimewaomba jambo moja: wasiseme Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, aliogelea humo. Alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu Sultani kwa ukarimu. Hayo yanatosha, na ni ya kweli.

Hesabu atazisoma mhazini. Ninachoomba kwenu ni kuni na mikono. Tanuri la pili tutaliwasha kabla ya masika, na shimo la chokaa limekwisha kuchimbwa. Anayetaka zamu amwone katibu leo, kabla mashua ya kurudi Kilwa Masoko haijaondoka.