Mwinyi, usitoe arubuni ya Axela bado

Mombasa

Kwako ndugu yangu Mwinyi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Nakuru. Sisi huku wazima wa afya, joto tu ndilo linatukalia kooni. Mama Zuhura anakusalimu sana, na Kombo anasema ile habari yenu ya kiwanja bado haijaisha.

Nakuandikia haraka kwa sababu Kombo huyo huyo amenidokeza kwamba ile Subaru yako ya STI inauzwa, kwamba umeonyeshwa Mazda Axela ya dizeli yenye injini ya lita 2.2 yenye kilomita chache mno, na kwamba uko karibu kutoa arubuni. Usitoe bado. Gari lenyewe ni zuri, na kuacha petroli nakuunga mkono. Hizo kilomita chache ndizo zinazonitia wasiwasi, na nitakueleza kwa nini.

Hesabu ya mafuta haina ubishi. STI ikitembea vizuri barabarani inakupa kilomita 7 kwa lita, na inataka super ya okteni ya juu. Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, kwa hiyo kwenda na kurudi unachoma lita 46. Dizeli ya 2.2 ukiiendesha kiungwana hukupa 15 kwa lita kwenye barabara hiyo hiyo, lita 21 hivi. Zidisha kwa kila wiki, kisha tazama bei za mafuta ambazo EPRA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza kila tarehe 14. Sihitaji kusema zaidi.

Najua unachoogopa ni kubaki na gari lisilo na raha. STI yako ya toleo la GRB ina nguvu farasi 308 na mvuto wa Nm 422, lakini mvuto huo unaupata injini ikifika mizunguko 4,400 kwa dakika. Skyactiv-D ya 2.2, yaani hiyo injini ya dizeli ya Mazda, ina nguvu farasi 175 tu, ila Nm 420 zote ziko mkononi kwenye mizunguko 2,000. Tabo (turbo, zinazosukuma hewa ndani ya injini) ni mbili: ndogo inaanza kazi mapema, kubwa inapokea juu. Maana yake, ukiwa nyuma ya lori kwenye mlima wa Mai Mahiu huna haja ya kushusha gia mbili na kusubiri, unakanyaga, inavuta. Utakachokosa ni ule mlio na zile mbio za juu, maana mstari mwekundu, kikomo cha mizunguko, uko 5,200 na zaidi ya 4,000 hakuna unachofuata huko. Badilisha gia mapema na utaipenda. Zipo hata za gia sita za mkono, Axela na kaka yake mkubwa Atenza, ingawa ni adimu.

Sasa turudi kwenye kilomita chache. Kwa petroli, gari lililotembea kidogo Japani ni bahati. Kwa dizeli hii ni kinyume. Gari la miaka kadhaa lenye kilomita 30,000 lilikuwa la kupeleka mtoto shule na kwenda dukani, injini haipati moto wa kutosha, masizi yanajaa. Mimi ningechukua lenye 90,000 za barabara kuu kabla ya hilo, tena bila kufikiri mara mbili.

Sababu iko kwenye DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa, komputa inaamuru injekta, zile pua za kupulizia mafuta, zimwage dizeli ya ziada wakati pistoni imeshamaliza kazi yake, ili ekzosi ipande hadi digrii 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka dakika kumi na tano au ishirini za mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, inaanza upya safari ijayo. Na ile dizeli ya ziada haiendi yote kwenye ekzosi. Nyingine inashika kuta za silinda, inateremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana oili ya gari hili haipungui, inaongezeka! Watu wakiona imepanda wanafurahi kwamba injini hainywi oili, kumbe imekuwa nyepesi na haishiki tena vyuma.

Kwa hiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ndiyo itakayokuambia ukweli kuliko muuzaji. Mazda wameweka alama ya X juu ya alama ya F, ile ya kujaa. Chomoa dipstiki injini ikiwa baridi, pangusa kwa tishu, chovya tena. Ikikaribia X, au tishu ikinuka dizeli waziwazi, ondoka. Na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, maana la baridi halifichi kitu. Likiwaka, funua kifuniko cha plastiki na usikilize sauti ya tifu-tifu-tifu. Hiyo ni washa, kipete cha shaba kilicho chini ya injekta inavujisha moshi. Washa yenyewe ni kitu kidogo, lakini moshi ule unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba kile kichujio kwenye mdomo wa pampu ya oili ndani ya sampu, na wa kwanza kufa ni tabo. Fundi akibadilisha tabo bila kufungua sampu, ile mpya nayo itakufa.

Nenda na mtu mwenye skana inayosoma data za DPF, asije na kale kadogo ka kufuta taa tu. Aangalie umbali kati ya uchomaji mmoja wa masizi na mwingine. Ukiwa chini ya kilomita 150 kila mara, kuna tatizo: huenda ni injekta, huenda ni masizi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, au sensa ya presha imepakwa masizi. Hiyo sensa ni skrubu tu na kusafisha, kazi ya muda mfupi, na mara nyingine gari linabadilika kabisa. Manifoldi ni kazi ya kufungua na kuloweka, na kwa gari lililofika kilomita 100,000 weka pesa zake kando tangu siku ya kununua.

Mtu atakuambia, toboa hiyo DPF uachane na shida. Usikubali. Masizi yanayotoka kwenye injini yatabaki pale pale, komputa itahitaji kudanganywa, na watoto wako ndio watakaokaa nyuma ya moshi huo.

Matunzo ukishalinunua: oili 5W-30 yenye majivu kidogo, iliyoandikwa C3 au ile DL-1 ya Japani, lita 5 na kidogo pamoja na filta, kila kilomita 5,000. Usiweke 15W-40 ya malori hata ukipewa bure, majivu yake hayaungui na yatakaa ndani ya DPF milele. Filta ya dizeli kila 20,000, na utoe hewa kabla ya kuwasha, kwa sababu pampu ya presha kubwa inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikizunguka kavu inajikwangua na chembe zake zinamaliza injekta zote nne. Chagua kituo kimoja chenye magari mengi na ukae nacho. Tangu ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ya mwaka 2018 uchakachuaji wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa umekosa faida yake ya zamani, lakini maji kwenye tangi bado yapo. Na kila ukijaza, shuka mwenyewe garini useme "dizeli." Wahudumu wakiona saluni ndogo mkono unaenda kwenye super, na mdomo wa pampu ya super unaingia bila shida. Ikitokea, usiwashe. Liburutwe, tangi lioshwe.

Kama hilo ulilolionyeshwa halitapita, usikimbilie Mazda3 iliyoifuata Axela mwaka 2019. Dizeli yake ni 1.8, ilianza na nguvu farasi 116 na Nm 270. Inakula kidogo kweli, ila wewe uliyezoea STI utaichukia kabla ya mwezi kwisha. Kwa kuagiza Japani, mradi gari halijapita miaka 8 inayoruhusiwa na sheria, ningetafuta Atenza ya toleo la 2018 na kuendelea, ambayo 2.2 yake imepanda hadi 190 na Nm 450. Ila ukiichukua, tafuta yenye rimu za inchi 17, maana matairi ya 19 kwenye barabara zetu ni... utaona bei mwenyewe. BMW 320d nayo ni tamu kuendesha kuliko zote hizi, lakini zile za mwanzo zenye injini ya N47 mnyororo wake wa taimingi uko nyuma upande wa giaboksi, kuubadilisha ni kushusha injini. Hiyo tuiongee kwa simu.

Kuhusu STI, irudishe kwenye springi zake za kiwandani kwanza, hizo za kurekebisha uziuze peke yake. Wanunuzi wengi wanaogopa gari lililochezewa.

Sasa nijibu upesi. Bado unaenda Nairobi kila wiki, au kazi imekurudisha Nakuru mjini? Watoto wanapelekwa shule na gari gani? Shemeji bado ana ile Vitz? Maana ikiwa safari fupi zote zitafanywa na dizeli, heri ubaki na petroli ndogo. Hilo Axela lilikuja nchini lini, na karatasi ya mnada wa Japani unayo? Nani ataenda nawe kulikagua, na skana yake ni ipi? Na je, umeshaitazama dipstiki?

Nitumie picha ya dipstiki, injini ikiwa baridi, kabla hujatoa hata shilingi.

Nduguyo,
Shee