Barua kutoka Kobe: kuhusu kontena na stoo ya uani

Kwa Mama yetu mpendwa, na kwa ndugu zangu wote wa Bagamoyo mtakaosomewa barua hii,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mimi ni mzima na kazi inaendelea. Hofu yangu ni juu ya miguu yako, ingawa Dada amenieleza kuwa dawa mpya zimeanza kukusaidia, alhamdulillahi.

Baada ya salamu, nimeipata orodha ya Kaka Mkubwa ya vitu ambavyo mngependa niviweke katika kontena: makochi mengine, friji kubwa, kabati la vyombo lenye vioo na seti mbili za sahani za wageni. Namheshimu Kaka, na fedha za kuvinunua zipo, kwa kuwa vitu vilivyotumika huku Japani havina bei. Hata hivyo naomba tusilete kontena hilo, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana sababu yangu inahusu dini yetu.

Mnajua kwamba kampuni ninayofanyia kazi huondoa vitu katika nyumba za watu waliofariki. Wazee wengi wa huku huishi peke yao, na anapofariki mmoja, watoto wake, kama anao, huwa wanakaa mji mwingine katika nyumba ndogo isiyo na nafasi ya kupokea urithi wa samani, kwa hiyo hutuita sisi. Tunakuta kimono, yaani mavazi yao ya jadi, zilizokunjwa kwa uangalifu mkubwa na ambazo hakuna aliyezivaa kwa miaka, vyombo vya chai ambavyo havijawahi kutolewa ndani ya maboksi yake, na matandiko ya wageni ambao hawakuja. Warithi hulipa ili vitu hivyo viondoke. Tena iko sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inayomtaka mwenye televisheni, friji, mashine ya kufulia au kiyoyozi alipe ada pale anapotaka kukitupa, ili kikavunjwe na malighafi yake itumike upya. Kwa hiyo mtu aliyetoa fedha ili akipate kitu hutoa nyingine ili aachane nacho.

Nikiwa katika nyumba hizo, Surat At-Takathur tuliyoihifadhi chuoni, katika chuo chetu cha Kurani, hunijia moyoni, kwamba kushindana kwa wingi kuliwashughulisha watu mpaka wakayafikia makaburi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiisoma sura hiyo aliposema kwamba mwanadamu husema, mali yangu, mali yangu, naye hana katika mali yake isipokuwa alichokula kikaisha, alichovaa kikachakaa, na alichotoa sadaka akakitanguliza. Sasa naomba tuitazame stoo yetu ya uani. Yale masufuria makubwa, masinia, mabirika, mazulia yaliyoviringishwa na magodoro ambayo bado yamo ndani ya nailoni, havimo katika mafungu hayo matatu. Havijatumika wala havijatolewa, na Mama, pamoja na miguu hiyo, ndiye anayeamka kuhakikisha kwamba mvua haijapenya na mchwa hawajaingia.

Simaanishi kwamba kumiliki ni dhambi. Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume, alikuwa tajiri na ni miongoni mwa waliobashiriwa Pepo. Hapo kwetu, Sheikh Ramiya, aliyeletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtumwa na akafariki mwaka 1931 akiwa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, alimiliki mashamba ya minazi, na hakuna aliyesema kwamba minazi ilimpunguzia elimu au ucha Mungu.

Jambo ninalolifikiria sana ni hili. Dhahabu ikifika gramu 85 na kupitiwa na mwaka, tunaambiwa tutoe zaka ya asilimia 2.5. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mapambo ambayo mwanamke huyavaa kwa kiasi cha kawaida hayana zaka, lakini dhahabu iliyowekwa kama akiba inayo, na naomba zile bangili za Bibi zilizomo sandukuni zipimwe. Vyombo vya nyumbani havina zaka kabisa. Kwa sababu hiyo hakuna mwezi unaotulazimisha kuvihesabu, navyo huongezeka kimyakimya. Lakini havikuachwa bila haki. Surat Al-Maun inawataja wanaozuia msaada pamoja na wale wanaosali kwa kujionyesha, na sahaba Ibn Masud aliufasiri msaada huo kuwa ni vitu vya kuazimana majirani, kama ndoo, chungu na shoka. Nimeisoma tafsiri hiyo mara nyingi na kila mara inanitisha, kwa sababu haizungumzii mali ya matajiri. Inazungumzia sufuria.

Na sisi tunajua kwamba siku hizi jirani akiwa na hitima au arusi hukodi masufuria na masinia kwa fedha ambazo pengine amezikopa, ilhali yetu yamefungiwa hatua chache kutoka jikoni kwake.

Kwa hiyo naomba, kwa idhini ya Mama, stoo ifunguliwe kabla ya Ramadhani. Masufuria, masinia na mabirika yabaki nyumbani, lakini mtaa mzima ujue kwamba yanaazimwa bure, na Dada aweke daftari la kuandika nani amechukua nini. Mazulia yapelekwe chuoni, ambako watoto wanakaa juu ya jamvi lililochanika. Kuhusu magodoro, iko hadithi katika Sahihi Muslim isemayo kuwa tandiko moja ni la mume, la pili la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Hesabuni watu wa nyumba na wageni wa kawaida, kisha yanayozidi wapeni watu wanaolala chini. Mnawajua kuliko mimi.

Fedha za kontena nitazituma kwa Dada mwisho wa mwezi, kwanza kwa matibabu ya Mama, na zitakazobaki zilipe lile deni la Baba kwa mwenye duka, ambalo linapaswa kumtangulia mtu yeyote kununua kochi. Kaka Mkubwa, baada ya Mama neno ni lako. Kama friji iliyopo imeharibika kweli, nieleze na nitanunua moja, ya kiasi cha matumizi yetu.

Wasalimieni Shangazi na majirani wote. Wabillahi taufiq.

Mwanao na mdogo wenu