Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: Akina mama wa lelemama waandikwe wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Nakuandikia kuhusu vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za akina mama wa Dar es Salaam vilivyoibeba mgongoni TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na ambavyo mtoto wa shule leo ukimuuliza hatakutajia hata kimoja.

Kisa kinajulikana juujuu. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wanawake wao wako wapi. Ndipo Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa tawi la akina mama. Hapo wasimulizi wengi huruka. Husema "akawahamasisha wanawake", basi, kana kwamba alisimama njia panda akapaza sauti. Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, na alijua mlango wa kubisha hodi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwani ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima.

Vikundi vile havikuwa vya kucheza tu, Mheshimiwa. Vilikuwa na vyeo, michango na sare za kanga. Mwenzao akifiwa au akioza mwana, ilijulikana nani analeta mchele na nani anashinda jikoni. Chama kichanga kisicho na hela kingejenga lini mtandao wa namna hiyo? Kiliukuta tayari, na waliousuka walikuwa wanawake ambao wengi wao hawakuketi darasani. Tena watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na siasa, kwa waraka wa mwaka 1953. Karani aliogopa kuchukua kadi hadharani. Mama muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumwachisha kazi.

Barabara yenye jina la Bibi Titi tunayo, na nashukuru. Lakini barabara humkumbuka mtu mmoja, naye hakuwa peke yake. Alikuwepo Tatu binti Mzee, na nyuma yao maelfu waliouza kadi, waliopikia wageni wa chama na kuchangia nauli za misafara. (Titi mwenyewe tulivyomnyamazia miaka mingi baada ya kesi ya uhaini, hilo linahitaji barua yake.)

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa anagonga 90. Mtaani kwetu Ilala yupo bibi mmoja ambaye akipeta mchele huziimba zile nyimbo za vikundi kwa sauti ya chini. Kila mara hufika ubeti wa tatu, ungo ukasimama, akacheka, akarudi mwanzo. Ubeti umempotea, na wa kumkumbusha wameshatangulia mbele ya haki.

Naomba wizara iwatume vijana wa vyuo na vinasa sauti, mtaa kwa mtaa: Kariakoo, Ilala, Temeke, Magomeni. Wasiende na magari ya serikali wala kamera za televisheni. Waongozwe na mama wa mtaa anayefahamika. Na wasianze kwa kuuliza habari za Mwalimu Nyerere. Kila anayebisha hodi huuliza za Mwalimu, na mabibi wameshalijua jibu linalotakiwa. Waulizwe kikundi kiliitwa nani, nani alitunga, sare ilinunuliwa wapi, waligombana na kikundi gani na kwa nini. Hasa ugomvi, wakianza huo, mengine yatafuata yenyewe.

Kadi na picha zikipatikana zinakiliwe, asili zibaki kwa wenyewe, maana familia zimeshachoka kuazimisha vitu visivyorudi. Kisha Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, watenge chumba ambamo mtu ataingia, akae, azisikilize nyimbo hizo bila kiingilio.

Nasubiri kusikia kutoka ofisini kwako kazi itaanzia mtaa gani. Ikianzia Ilala, bibi wa ungo nitawapeleka mimi mwenyewe. Asubuhi ndiyo anapenda kuzungumza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ilala, Dar es Salaam