Wanafunzi wa uhasibu washike kompyuta kabla ya kuja kazini

Mhariri,

Mimi ni mhasibu wa hoteli ndogo hapa Malindi, kazi niliyoifanya kwa miaka 19. Kila mwaka napokea wanafunzi wa atachimenti, yaani wanaokuja kujifunza kazini, wengi wao watoto wa Maweni, Kisumu Ndogo na Gongoni. Naandika kwa ajili yao.

Januari alikuja binti mmoja aliyebakisha muhula mmoja kumaliza diploma. Nilimpa taarifa ya M-Pesa ya Desemba, mwezi ambao hoteli hujaa, ailinganishe na mauzo ya vyumba na ya mkahawa. Baada ya saa mbili nikapita nyuma yake. Jedwali la Excel liko wazi kwenye skrini, na kando ya kibodi pana kalkuleta. Anajumlisha kwa kalkuleta, kisha anaichapa jumla kwenye jedwali. Nikabadilisha tarakimu moja juu. Jumla ya chini ikabaki vile vile.

"Mwanangu, fomula iko wapi?"

Akainama. "Mama, Excel sisi tulifunzwa ubaoni. Kompyuta zilikuwa nne, nasi tulikuwa hamsini na kitu."

Na uhasibu wenyewe binti huyu anaujua, tena vizuri. Siku ya tatu alinionyesha pesa za mgeni aliyelipa Desemba chumba cha Februari. Karani wetu alikuwa ameziingiza kama mapato. "Mama, hili ni deni letu kwake mpaka aje alale," akasema. Kweli tupu, na programu ya hoteli ilikuwa imezipitisha bila kulalamika. Iliniuma sana kuona akili kama ile imekwama kwa sababu ya saa chache za mazoezi ambazo hakupewa.

Kazi haimngoji mtu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, isipokuwa chache zilizosamehewa, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haiikubali katika hesabu ya kodi ya mapato. Sasa fikiria mvuvi anayetuletea changu na pweza asubuhi. Muuzaji mdogo kama yeye, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi anaweza kumtolea ankara hiyo. Anayeketi na mvuvi akamweleza, akaomba PIN yake, namba ya mlipa kodi, akaiingiza kwenye mfumo, ni kijana wa ofisini kwangu. Kila mwezi kuna tarehe za mwisho: tarehe 9 ni PAYE, kodi ya mishahara; tarehe 20 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Juzi mwanafunzi mwingine aliniandalia mishahara yenye makato ya NHIF, bima ya afya ya zamani, ilhali tangu Oktoba 2024 ni SHIF, mfuko mpya wa afya, asilimia 2.75 ya mshahara. Alinakili alichokisoma kwenye noti zake.

Kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu, wameweka karatasi ya uchambuzi wa data inayofanywa kwenye kompyuta katika ngazi ya juu ya CPA, mitihani ya wahasibu wa umma. Nawashukuru. Lakini wa diploma anayekuja kwangu hajafika huko, na wengine hawatafika.

Walimu wetu, nawaomba: chukueni taarifa ya M-Pesa ya duka lolote ambalo mwenyewe ameridhia, futeni majina na namba za simu, kisha mwacheni mwanafunzi ahangaike nayo. Akutane na tarehe ambazo Excel inazisoma kama maneno, ada zilizokatwa na Lipa na M-Pesa, pesa zilizorudishwa kwa mteja, malipo ya usiku wa manane yaliyofika benki siku ya pili. Kompyuta zikiwa nne, basi waingie kwa zamu, hata jioni.

Kwa ruhusa ya mwajiri wangu, nimeandaa mafaili ya Desemba mbili ambayo hayana jina la mgeni hata mmoja. Mwalimu yeyote wa Malindi au Kilifi anayeyataka aje na flashi, nitampa bure. Aje baada ya tarehe 20, nikishatuma VAT, ndipo nitapata muda wa kuketi naye na kumwonyesha safu ambayo yule binti alikwama.

Mhasibu wa hoteli,
Malindi